Lost Empire: riwaya ya Kimarekani iliyopita Bagamoyo, na swali la nani hasa kaiandika

Mtoto wa Dunda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi mrefu huu, mwenye kahawa aisogeze karibu.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni hapa Bagamoyo mjini. Mgeni mmoja aliondoka akasahau kitabu juu ya kabati. Utaratibu wetu, kitu cha mgeni kinakaa miezi mitatu kwenye droo ya mapokezi, kisipoulizwa kinakuwa cha aliyekiokota. Niliisubiri hiyo miezi kama mtu anayesubiri embe la jirani lidondokee upande wake.

Kitabu chenyewe ni Lost Empire, cha mwaka 2010. Jaladani jina la Clive Cussler limekaa kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Halafu kwa herufi za kutafutia miwani: Grant Blackwood. Ni cha pili katika mfululizo wa Fargo.

Kisa kifupi. Sam na Remi Fargo ni mtu na mkewe, matajiri wa California, kazi yao kusaka hazina. Wako huku kwetu wanapiga mbizi. Chini ya maji wanakuta kengele ya meli ya zamani, meli ya wale waasi wa Kusini mwa Marekani, waliojitenga wakapigana vita na Kaskazini karne ya 19. Wanadhani wameokota pambo la sebuleni, kumbe kuna watu wa Mexico wenye bunduki wanaitafuta kengele hiyohiyo. Chama tawala cha huko (cha kubuni, msije mkaanza siasa humu) kimejijenga juu ya utukufu wa Waazteki, na kengele inaelekea kwenye siri itakayokiangusha. Basi ni mguu niponye: Zanzibar, Bagamoyo, misitu ya Madagaska, mpaka Indonesia kwenye Krakatoa, ule mlima uliolipuka 1883.

Nilipofika pale wanapotia mguu Bagamoyo nilifunga kitabu nikatoka barazani nikautazama mtaa. Sijui nilikuwa natazamia nini. Kulikuwa na bodaboda mbili na mama muuza vitumbua.

Humo ndani kuna Mmarekani wa karne ya 19 mwenye jina la sifa, Mbogo wa Bagamoyo. Mwandishi anataka tuone ubavu na ushujaa. Mimi nikacheka peke yangu, maana hapa kwetu mtu akiwa mbogo ni kwamba kadaiwa nauli mara mbili. Tangu hapo swali halinitoki: nani kati ya hawa wawili aliyeliweka jina lile? Mwenye herufi kubwa au mwenye herufi ndogo? Mtu unaposoma kitabu cha watu wawili, unasoma cha nani?

Karafuu Kavu

Natandika mkeka hapa. Waje wenye nondo.

Chenji Yangu

Mkuu una softikopi?

Mtoto wa Dunda

Sina, na ningekuwa nayo nisingetoa. Nenda kwa wauza mitumba wa vitabu pale Posta Mpya Dar, hawa kina Cussler hawakosi kwenye rundo.

Nahodha wa Raskazone

Mtani wangu wa Bagamoyo, leo umenigusa penyewe. Mie nawasoma hawa watu tangu nikiwa kijana hapa Tanga, tena kwa vitabu visivyo na majalada.

Cussler alianza peke yake mwaka 1973, na shujaa wake Dirk Pitt. Wengi humu mmemwona Pitt bila kumjua: ile sinema ya Sahara ya 2005, meli ya chuma iliyozama kwenye mchanga wa jangwa, mliitazama kwenye banda la video huku dijei akiwatafsiria na kuwatilia chumvi yake. Hilo jina Dirk ni la mwanawe wa kumzaa. Kaa nalo hilo, nitalirudia.

Mwaka 1999 akafungua mfululizo wa pili, akamwita Paul Kemprecos waandike pamoja. Mwaka 2003 ukaja wa meli ya Oregon, kwanza na Craig Dirgo, baadaye Jack Du Brul, baadaye Boyd Morrison. Halafu Isaac Bell, mpelelezi wa zama za treni za moshi, 2007. Fargo 2009. Mifululizo mitano, mzee mmoja, na mikono ya kukodi kibao. Na mwaka 2004 yule mtoto Dirk, aliyempa jina shujaa, akakua akaja kumwandika shujaa pamoja na babake. Mie hapo ndipo ninapovua kofia.

Hiyo Fargo peke yake imepita mikono minne. Blackwood kaandika vitatu vya mwanzo, Thomas Perry viwili, Russell Blake viwili, na Robin Burcell vitano. Jumla 12 mpaka mwaka 2020. Cussler alifariki Februari 2020, na hicho cha tano na Burcell kikatoka mwaka huohuo. Kwa hiyo, Mtoto wa Dunda, swali lako zuri ila umelibana. Uliza hivi: mbona Sam na Remi ni walewale ilhali fundi anabadilika?

Kisu cha Ngariba

Mkuu Nahodha unakipamba. Huo ni utapeli wenye risiti. Jina kubwa linauza, kijana ndiye anayekesha. Mimi ningenunua gari la Toyota nikakuta ndani injini ya trekta ningerudisha.

Nahodha wa Raskazone

Hapana bwana we. Mwandishi kivuli ndiye utapeli, yule analipwa anyamaze. Hawa majina yao yapo jaladani, madogo lakini yapo. Tena hawakuokotwa. Blackwood alikuwa askari wa majini wa Marekani, kwenye manowari, na kazi zake mojawapo ilikuwa kuruka majini kuokoa marubani. Burcell alikuwa polisi miaka na miaka. Sasa wewe unataka mtu akuandikie mbizi, utamtafuta nani? Karani wa benki?

Hapa kwetu mashua haitengenezwi na mtu mmoja. Fundi mkuu anakata mkuku anaweka mataruma, wengine wanapiga mbao, wengine wanatia kalafati, yaani wanaziba nyufa maji yasiingie. Ikishuka majini watu wanasema mashua ya fundi fulani, na ni kweli ni yake. Lakini kama aliyetia kalafati alikuwa anasinzia, utajua ukifika katikati ya mkondo wa Pemba.

Kisu cha Ngariba

Mfano mzuri. Bado nataka jina la mtia kalafati liandikwe kubwa.

Mwalimu wa Zamu

Jamani, mimi nafundisha historia sekondari na nimeingia humu kwa sababu ya kengele. Nyie mnabishana juu ya jalada, meli yenyewe mmeiruka. Ile meli ilikuwepo kweli, na kisa chake kinakishinda kitabu.

Iliundwa Glasgow, Scotland, 1863, ikiitwa Sea King. Oktoba 1864, karibu na Madeira, ikafungwa mizinga kwa siri na kuwa manowari ya waasi wa Kusini, jina jipya Shenandoah, nahodha James Waddell. Kazi yake ilikuwa kuwinda meli za biashara na za wavua nyangumi za Kaskazini. Ilikamata 38, nyingi ikazichoma.

Sasa sikilizeni. Vita vya kwao vinakwisha Aprili 1865. Shenandoah iko mbali, inaelekea Bahari ya Bering kwenye barafu, na simu za upepo hazipo. Juni bado inachoma meli za watu ambao si adui tena! Agosti ndipo inakutana na meli ya Kiingereza na kuambiwa kwa yakini kwamba nchi mnayoipigania haipo. Waddell akaona akirudi Marekani atanyongwa kama haramia. Akaficha mizinga, akazunguka ncha ya Amerika ya Kusini, hakutia nanga popote, mpaka Liverpool, 6 Novemba 1865. Ndiyo meli pekee ya waasi iliyoizunguka dunia.

Kisha ikapigwa mnada, na mwaka 1866 mnunuzi akawa nani? Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, huyuhuyu aliyeanzisha Dar es Salaam. Akaipa jina lake: El Majidi. Manowari iliyofyatua risasi ya mwisho ya vita vya Marekani ikaja kuegeshwa Forodhani.

Karafuu Kavu

Wallahi Mwalimu mie mtoto wa Mji Mkongwe na hili sikulijua. Ikafia wapi?

Mwalimu wa Zamu

Ilikula kipigo kwenye kimbunga cha 15 Aprili 1872, wakati huo Sultani ni Barghash. Upepo uliisukuma ikapanda nchi kavu pamoja na meli zake nyingine. Na hapa watu wa Bagamoyo mnyanyue masikio: kimbunga hichohicho kilivuka mkondo kikaipiga Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika miaka minne tu nyuma yake, 1868, majengo yao yalilazwa chini.

Vimbunga kutufikia sisi ni nadra, tuko karibu mno na ikweta. Ndiyo maana Hidaya ya Mei 2024 ilitushtua vile.

Sasa mimi nikiambiwa mwandishi kaokota meli hii akaanzia hapo riwaya, sishangai kabisa. Cussler alikuwa na mapenzi na meli za wale waasi. Mwaka 1995 timu yake halisi ya kusaka meli ilitambua mahali ilipolala Hunley, nyambizi ya waasi iliyozama 1864, na ilipandishwa juu mwaka 2000. Hata ile ya kwenye Sahara aliyoitaja kaka Nahodha, ni meli ya waasi hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza, meli inanukia Cussler. Mbizi zinanukia Blackwood. Hilo la Mbogo sina la kusema, huyo atafute wakili.

Karafuu Kavu

Na Barghash akafanyeje bila meli?

Mwalimu wa Zamu

Akaagiza mpya, HHS Glasgow, ikafika miaka sita baada ya kimbunga. Ndiyo ile Waingereza waliyoizamisha mbele ya kasri 27 Agosti 1896, vita vilivyokwisha kabla wali haujakauka. Uzi mwingine huo.

Mtoto wa Dunda

Mwalimu, nimesoma posti yako mara mbili halafu nikatoka barazani tena. Kumbe kengele ya kubuni imetundikwa kwenye meli ya kweli.

Ila hapohapo ndipo duku duku langu linapozidi. Watu hawa wawili waliijua meli vizuri. Mji je? Sisemi wamekosea, maana riwaya inapita hapa haraka kama basi la Msata lisilo na abiria wa kushuka. Nasema ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa pili, kuna vitu ningevishikilia kwa meno.

Cha kwanza ni maji. Ufuo wetu ni kina kifupi. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, likipwa, bahari inaondoka kabisa, mashua zinalala ubavu mchangani, na watu wanakwenda kwa miguu mpaka kule ambako asubuhi palikuwa pa kuogelea. Adui akija na boti ya kasi saa hiyo, atashuka na bunduki yake atembee kwenye tope la magotini, mbele ya wanawake wanaookota chaza na watoto wanaomcheka. Hiyo ni sura nzima ya riwaya! Huwezi kuipata kwenye kompyuta ya California. Na shujaa wako akijua kusoma mwezi, atapanga miadi siku ya bamvua makusudi, amkwamishe.

Halafu soko la samaki. Kule wakipaki mashua mnada unaanza papo hapo kwa sauti, na sura ngeni inajulikana kabla haijauliza bei. Hakuna mpelelezi atakayejificha Bagamoyo. Mimi mgeni akishuka stendi saa nne, saa nne na robo najua kaagiza chai ya maziwa au ya rangi. Riwaya ya kijasusi mji mdogo wa pwani inataka ujasusi wa aina nyingine, wa vibaraza.

Na Kaole, yale magofu ya karne ya 13 na makaburi yake ya nguzo. Na mnara wa kanisa la misheni ulikolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka huko alikofia, kwa Chitambo. Ukitaka mbio za kusaka siri, watu waliobeba maiti miezi mingi porini kwa siri ndio ungeanzia, si kengele.

Chenji Yangu

Nimesoma yote. Softikopi sihitaji tena, nataka hiyo ya tope.

Msomaji wa Mshumaa

Shikamooni. Mimi umri umekwenda, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nyinyi mnawasema Wamarekani na watu wao wa herufi ndogo. Mimi nimekaa hapa namkumbuka Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Kufa na Kupona nimeisoma mwaka 1976 kwa zamu, tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja na kitabu kimoja, mshumaa ukiisha mwenye zamu kaliwa. Kikaja Kikosi cha Kisasi, 1979, Njama, Hofu, Kikomo. Elvis Musiba alifariki 2010, mwaka uleule kitabu chako hicho kilipotoka, mwanangu. Na Ben Mtobwa mwenye Joram Kiango, naye shujaa wa riwaya za upelelezi, alitangulia, 2008.

Huyo Cussler kafa, watu wake wanaendelea kukimbia na kuruka kutoka kwenye madege. Gamba alinyamaza. Joram Kiango alinyamaza. Hawakuwahi kupigwa risasi na adui yeyote, waliachwa tu wamesimama mahali, na sigara mkononi. Hakuna aliyekaa na Musiba akafundishwa Gamba anavyoingia mlangoni. Au alikuwepo nasi hatukumjua.

Nahodha wa Raskazone

Marahaba, mzee wetu. Samahani, nimekosea: shikamoo. Umenivuruga.

Kisu cha Ngariba

Mzee shikamoo. Nakubali nusu. Lakini je, ungemvumilia Willy Gamba wa mtu mwingine? Mimi najijua. Ningefungua ukurasa wa kwanza natafuta kosa. Angeagiza soda badala ya kinywaji chake ningekitupa.

Msomaji wa Mshumaa

Ningelalamika mpaka ukurasa wa mwisho, na cha pili ningekinunua.

Karafuu Kavu

😂😂 Mzee kamaliza.

Lakini nami niongeze. Kule kwetu Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, alikuwa anawaza kwa kiko kinywani na Najum pembeni. Huyo sidhani kama mtu mwingine angemweza. Bwana Msa ni ile lugha yenyewe. Ukimpa fundi mwingine unabakiwa na kiko. Gamba ni vitendo, ngumi na ndege na hoteli, huyo anarithishika. Ndiyo maana wenzetu wanaorithishana ni hawa wa mbio na milipuko.

Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya Karafuu ndiyo hoja kali kuliko zote humu na kaitoa kama anasukutua mdomo.

Nahodha wa Raskazone

Kweli tupu. Angalia Oregon: kwa nje meli ya kutu, inavuja, unaiona aibu, ndani mitambo na silaha na mpishi wa hoteli kubwa. Nahodha wake Juan Cabrillo mguu mmoja wa bandia, umefichwa vitu ndani. Ukishajua hayo mawili, fundi yeyote mzuri anaweza kukuendeshea sura. Mie enzi za matishari hapa Tanga, meli zikitia nanga kule nje nilikuwa nakaa Raskazone nazihesabu, kila yenye kutu naishuku. Mpaka leo.

Ila na sisi si wageni wa kuandika wawili. Malumbano ya mashairi magazetini, mmoja Tanga mwingine Mombasa, huyu katoa swali yule kajibu kwa vina vilevile, miezi. Kile ni kitabu kimoja cha watu wawili wasiopendana.

Mtoto wa Dunda

Basi Nahodha, nakulumba hapahapa. Tuandike. Meli yako ya kutu ya Tanga, ufuo wangu wa bamvua. Sura moja wewe, sura moja mimi. Mwalimu akague tarehe, mzee atulalamikie. Kengele tunamwachia Mmarekani.

Nahodha wa Raskazone

Sina kazi usiku, nimekubali. Meli yangu inaitwa nani ntakwambia kesho. Ila tuelewane mapema: jaladani jina la nani kubwa?

Mtoto wa Dunda

Tufuate abjadi tu, tusigombane.

Nahodha wa Raskazone

Ee, M na N. Mtoto wa mjini wewe.

Kisu cha Ngariba

Na mtia kalafati asisahauliwe.

Mwalimu wa Zamu

Bamvua lijalo ni mwezi mpevu, juma lijalo. Mtoto wa Dunda, nenda na viatu vya kuharibu, ukapime tope linafika wapi hasa kabla hujaandika magotini.

Mtoto wa Dunda

Nimepima leo, Mwalimu. Karibu na mashua ni vifundo vya miguu. Mbele kule, pale boti ingekwama, ni magoti na kandambili moja sijaipata.